Alama Ndogo ya Kujumlisha: Miswada ya Emily Dickinson na Kazi ya Mhariri

Mnamo tarehe 14 Februari 1866, gazeti la Springfield Daily Republican la Massachusetts, Marekani, lilichapa shairi moja kuhusu nyoka bila kutaja jina la mtunzi. Mtunzi alikuwa Emily Dickinson, aliyekuwa na umri wa miaka 35. Katika barua aliyomwandikia mhakiki Thomas Wentworth Higginson, alilalamika kwamba shairi hilo ameporwa, tena kwamba alama iliyotiwa mwishoni mwa mshororo wa tatu imeuharibu, kwa kuwa mshororo wa tatu na wa nne ilikuwa kitu kimoja. Nimekuwa nikifundisha mashairi ya Dickinson kwa miaka mingi, na kila niirejeapo barua hiyo hujiuliza: ikiwa mtunzi aliumizwa kiasi hicho na alama moja, sisi tunaomsoma katika vitabu vilivyopangwa na watu wengine twasoma nini hasa?

Dickinson alipofariki mwaka 1886, ni mashairi yapatayo kumi tu kati ya takriban 1,800 yaliyokuwa yamechapishwa. Mengine yalikutwa na ndugu yake, Lavinia, baadhi katika karatasi zilizotawanyika, na zaidi ya 800 katika vijitabu 40 hivi ambavyo mtunzi alivishona kwa uzi kwa mkono wake. Diwani ya kwanza ilitoka Boston mwaka 1890, ikihaririwa na Mabel Loomis Todd pamoja na Higginson yuleyule. Wahariri hao waliyapa mashairi mengi vichwa, wakalainisha vina, wakaondoa vistari na kuweka mikato na nukta, kisha wakagawa kazi yote katika mafungu manne: Maisha, Mapenzi, Maumbile, na Wakati na Umilele.

Ni desturi siku hizi kuwacheka wahariri hao. Binafsi siungi mkono kicheko hicho. Bi Todd alitumia miaka kusoma mwandiko mgumu na kuunakili shairi baada ya shairi. Pasipo jasho lake huenda vijitabu vile vingeishia sandukuni. Isitoshe, wasomaji waliipokea diwani kwa shauku na ikachapwa tena na tena. Hata hivyo, shukrani ni jambo moja na idhini ni jambo jingine. Higginson alikuwa ameisoma ile barua ya mwaka 1866.

Mwaka 1955 Thomas H. Johnson alitoa toleo la juzuu tatu lenye mashairi 1,775 na kuvirejesha vistari mahali pake. Wengi waliona kwamba suala limekwisha. Halikwisha, kwa sababu miswada ina jambo lililo gumu kuliko vistari. Mara nyingi juu ya neno fulani Dickinson aliweka alama ndogo mfano wa ile ya kujumlisha, na chini ya shairi akaandika neno jingine, pengine mawili au matatu, yanayoweza kukaa mahali hapo. Wala neno la kwanza hakulikata. Shairi lenye maneno matatu ya namna hiyo, kila moja likiwa na mwenzake mmoja, huzaa mashairi manane. Johnson aliyaorodhesha maneno hayo chini ya kila shairi, lakini katika toleo la juzuu moja la mwaka 1960, ambalo ndilo lililoenea, alichagua moja na kuyaacha mengine. Ni baada ya R. W. Franklin kutoa picha za vijitabu mwaka 1981 ndipo wasomaji wengi walipoweza kujionea wenyewe.

Jambo hili linatugusa sisi tunaohariri ushairi wa kale wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Mashairi ya Muyaka, kwa mfano, yalikusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, kisha W. Hichens akayachapisha mwaka 1940. Katika kazi ya namna hiyo tofauti za maneno hutokana na wanakili, na kumbukumbu za waghani, na hati isiyotenga vizuri baadhi ya irabu. Mhariri huuliza: mtunzi alisema neno lipi? Swali hilo ni halali, kwani yaaminika kwamba alisema moja. Kwa Dickinson mkono ni mmoja, na mwenye mkono ndiye aliyeyaacha yote. Kumchagulia, kwa maoni yangu, ni kumaliza jambo ambalo yeye alikataa kulimaliza.

Tangu mwaka 2013 picha za miswada hiyo, ambayo sehemu kubwa yake imegawanyika kati ya Harvard na Chuo cha Amherst kutokana na ugomvi wa kifamilia, zinapatikana pamoja kwenye intaneti. Huwataka wanafunzi wangu wa uzamili wanakili shairi moja pamoja na alama zake zote. Mmoja wao aliwahi kunipinga vikali: shairi, alisema, ni la kughaniwa, na koo haliwezi kutoa maneno mawili kwa pamoja. Nilimwomba alighani. Alifika penye alama, akanyamaza kidogo, akachagua neno la chini. Siku iliyofuata, pasipo kuambiwa, akachagua la juu.