Eropleni Baada ya Masika

Kitu kilichokaa miezi sita ndani ya sanduku hakitoki kama kilivyoingia. Hivyo ndivyo nilivyoona mwezi wa Septemba nilipofika nyumbani Same kwa likizo, nikavuta kutoka uvunguni sanduku la eropleni yangu. Vumbi la Same, ambalo hupita hata pasipo na tundu, lilikuwa limetanda juu ya mabawa. Mipira iliyolifunga bawa juu ya kiwiliwili ilikuwa imekauka na kukatika vipande vipande. Betri moja, ambayo niliiacha imejaa umeme, ilikuwa imevimba kama andazi.

Nasema eropleni, na vijana wanaosoma ukurasa huu huenda wakacheka, maana neno hilo halisikiki sana siku hizi. Baba yangu alilitumia mpaka mwisho wa maisha yake. Babu yangu alisema ndege-ulaya, kama walivyosema wengi wa rika lake. Na wazee waliomtangulia waliziona kwa macho yao mwaka 1916, majeshi ya Smuts yalipokuwa yakishuka kando ya milima ya Upare na eropleni za Waingereza zikipeleleza njia mbele yao. Baadaye neno ndege peke yake likashinda. Lakini ndege katika Kiswahili cha kale ni fali pia: mtu aliyetoka kwenda safari aliombewa ndege njema, na aliyerudi mlangoni kwa hofu alikuwa amekutana na ndege mbaya. Kwa ajili ya jambo nitakalolisimulia, neno hilo lanielemea, na kwa hiyo nachagua lile la baba.

Eropleni yangu si ya kupanda mtu. Upana wa mabawa yake, ncha hata ncha, ni mita 1.4, na uzito wake haufiki kilo moja na nusu. Imeundwa kwa plastiki nyepesi, jamaa ya ile inayozunguka televisheni mpya ndani ya boksi lake. Mbele ina mota ya umeme na rafadha. Ndani ya mabawa na mkia mna vimota vidogo vinavyovuta vibao vya kuigeuza. Na mwenye kuirusha husimama chini na rimoti mkononi, akiiamuru kwa mawimbi ya redio. Niliipata ng'ambo nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari, mahali ambapo watu huziweka ndani miezi yote ya theluji, kisha siku ya kwanza ya jua wakatoka nazo viwanjani kama watoto waliofunguliwa shule. Niliwacheka kidogo wakati ule.

Mchezo huu una nasaba ndefu. Mwaka 1871, mjini Paris, Alphonse Pénaud alirusha kieropleni kilichoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, nacho kilikaa hewani sekunde 11. Hiyo ilikuwa miaka 32 kabla ya ndugu wawili wa Marekani kuruka wenyewe. Mwaka 1937 ndugu wengine wawili wa huko huko, Walter na William Good, walirusha ya kwao wakiiongoza kwa redio. Na mwaka 2018 hapa kwetu, chombo kisicho na rubani kilivuka Ziwa Viktoria kutoka Mwanza kupeleka dawa Ukerewe, yapata kilometa 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Nayataja haya kwa sababu jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, aliniuliza kama daktari mzima wa lugha haoni haya kuchezea kitu cha watoto. Sikumjibu vizuri siku ile. Mwaka huo huo wa 2018 zilitoka kanuni za vyombo vya namna hiyo, nazo zataka usajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya Wizara ya Ulinzi. Nilivitafuta vibali kwanza, na hairushwi karibu na kiwanja cha ndege cha Same wala upande wa Hifadhi ya Mkomazi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijaanza, nilikuwa nimeitengeneza bawa lililopasuka kwa mwiba wa mkonge. Nilizichomoa nyaya za vimota viwili nikazirudisha. Asubuhi yake tulikwenda uwandani, kusini ya mji, kando ya njia ya kwenda Makanya, na majirani wapatao kumi wakatufuata. Kanuni ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba kabla ya kuruka hapana budi kuvipima vibao: ukiamuru kulia, kibao cha bawa la kulia kiinuke na cha kushoto kiinamishwe. Kazi hiyo haichukui nusu dakika. Sikuifanya. Watu walikuwa wakitazama, nami nilitaka kuwaonyesha.

Eropleni ilikimbia juu ya udongo mgumu, ikainuka. Upepo ukaliinua bawa la kulia, ikainamia kushoto. Nikaamuru kulia. Ikazidi kushoto. Nikaamuru kulia kwa nguvu zaidi, maana mkono uliozoea haufikiri, nayo ikazidi kushoto, ikawaelekea watoto waliosimama upande huo. Nyaya nilizozirudisha zilikuwa zimebadilishana mahali, na kila juhudi yangu ya kuiokoa ndiyo iliyoipeleka. Nilikata mota nilipokuwa nimekwisha chelewa. Rafadha ilimpasua mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, juu ya nyushi ya jicho la kushoto. Alishonwa nyuzi tano.

Dada yangu hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimchukua mtoto akamwosha shati, nami nikarudi chuoni baada ya siku tatu bila sisi kuzungumza juu ya jambo lile. Masika yakaja, kipupwe kikafuata. Watu wakiniuliza mbona sirushi, nilisema ni mvua, kisha nikasema ni baridi. Mvua yenyewe katika uwanda wa Same si mvua ya kumfungia mtu ndani miezi sita! Upepo wa kusi huja na unyevu wa Bahari ya Hindi, na milima huupokea kwa upande wa mashariki. Ndungu hulima mpunga, Mamba hulima tangawizi, na sisi tulio nyuma ya milima hupata upepo uliokwisha kukamuliwa. Nilijificha nyuma ya majira ya mwaka kama wale wa ng'ambo walivyojificha nyuma ya theluji, ila wao walikuwa na theluji kweli.

Basi siku ile ya Septemba nilipokuwa nikifuta vumbi, mpwa wangu aliingia akasimama mlangoni.

“Shikamoo, Mjomba. Utairusha lini?”

“Marahaba. Nani kasema nitairusha?”

“Umeifuta vumbi.”

Kovu lake lilikuwa limefifia, mstari mwembamba unaokatiza nyushi. Nilimwambia kwamba jambo hilo mwenye kuliamua ni mama yake. Jioni nikaenda jikoni kwa dada, nikaeleza kwa maneno mengi, kama tuelezavyo sisi waalimu. Alikuwa akisonga ugali na hakugeuka upesi.

“Kaka,” alisema, “mtoto ni wako na ni wangu. Lakini jicho ni lake. Muulize yeye.”

Siku tatu zilizofuata tulifanya kazi. Betri iliyovimba tuliiweka mbali na nyumba, kwa kuwa betri za aina hiyo zikiharibika huweza kushika moto. Ya pili niliihifadhi kama itakiwavyo, yaani yapata volti 3.8 kwa kila chumba na si 4.2 za kujaa, nayo ilikuwa nzima. Badala ya mipira iliyokatika mpwa wangu alileta vipande vya tyubu ya baiskeli, vile vile afungiavyo manati. Tulivuta uzi kutoka ncha ya bawa hata mkiani, kushoto na kulia, tuone kama joto la bati halikulipinda. Tuliiinua kwa ncha za vidole chini ya mabawa, theluthi moja nyuma ya ukingo wa mbele, nayo ikatulia sawa kama mizani. Nilimfundisha kusema rafadha. Akaniambia shuleni kwao wasema feni, na watoto wadogo wasema kititia. Nilitaka kumsahihisha. Lakini kititia ni neno zuri mno, nalo lilikuwapo kabla yangu, nikanyamaza.

Tulitoka alfajiri ya siku ya nne, kwa kuwa jua likishapanda kusi huvuma kwa ukali na vimbunga vya vumbi huanza kutembea uwandani. Milima ilikuwa bado ya samawati, na wingu limeikalia Shengena. Safari hii hatukuwaalika watu. Mpwa wangu alifunga kamba kati ya migunga miwili, hatua arobaini kutoka njia ya kurukia, akatangaza kwamba hakuna kuivuka, ingawa tulikuwa wawili tu.

Akaja kusimama nyuma ya eropleni.

“Amuru kulia, Mjomba.”

Nikaamuru. Kibao cha kulia kikainuka.

“Kushoto.”

Cha kushoto kikainuka.

“Tena.”

Alinifanyisha mara tatu, na mara ya tatu alipiga magoti akakigusa kila kibao kwa kidole. Kisha tukapima redio kwa nguvu ndogo, nikirudi nyuma hatua thelathini naye akitazama kama mkia bado watii. Mwisho akaenda nyuma ya kamba, akanikumbusha kwamba nami sijasimama mahali pangu.

Mikono yangu ilitetemeka. Nilikuwa nimetetea tasnifu mbele ya watu watano bila kutetemeka. Eropleni ilikimbia, ikainuka, upepo mdogo ukaliinua bawa la kulia vile vile kama mwezi wa Machi, nami nikaamuru kulia, nayo ikasimama sawa. Hapo ndipo nilipopumua. Ilipanda juu ya mkonge uliotelekezwa, ikazunguka upande wa reli, ikarudi na jua tumboni. Mwewe mmoja alikuja kuitazama, akaona hailiwi, akaenda zake. Mpwa wangu alishika saa.

“Dakika sita, Mjomba. Ishushe.”

Niliishusha vibaya kidogo. Iliruka mara mbili juu ya udongo kabla ya kutulia. Nilipogeuka nilimwona dada yangu amesimama chini ya mgunga, nyuma ya kamba, kajifunika kanga mbili kwa baridi. Sikujua alifika saa ngapi. Mtoto alimpelekea eropleni kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, kisha akaigusa rafadha kwa ncha ya kidole, akaizungusha mara moja.

“Ndiyo hii?” aliniuliza.

“Ile ilivunjika,” nikamjibu. “Hii ni mpya.”

Akaizungusha tena, polepole. Upepo ulikuwa umeanza kuinuka na vumbi la kwanza linakuja kutoka upande wa Makanya, tukalifungua bawa, tukafunga kila kitu ndani ya sanduku, na mpwa wangu akakunja kamba yake.