Kicheko cha Jioni Nyumbani

Kuna mambo ambayo mwalimu huona haya kuyasema mbele ya wanafunzi wake. Moja lao ni hili: sisi tunaoandika maneno haya twapenda sana sinema za mapenzi zenye kuchekesha. Jioni, madaftari ya wanafunzi yakiisha kusahihishwa na watoto wakiisha kulala, sisi na mama wa watoto wetu huketi mbele ya kompyuta ndogo na kutazama namna bwana mmoja na bibi mmoja wanavyokutana, wanavyogombana kwa ajili ya jambo dogo, na mwishowe wanavyopatana. Umeme ukikatwa katikati ya hadithi, hutegemea nguvu iliyobaki katika betri, nasi huomba itoshe mpaka arusi.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa hesabu hapa Lubumbashi, alitukuta siku moja katika hali hiyo. Akatuambia: «Bwana Mwalimu, wewe uliyefundishwa Kilatini seminarini, wakaa kutazama mambo ya wasichana?» Tulicheka, lakini neno lile lilituchoma kidogo. Hivyo leo twataka kumjibu, na jibu lenyewe lina habari ya aibu yetu ndani yake.

Seminarini tulijifunza ya kwamba Mtakatifu Thomas wa Akwino hakudharau mchezo. Alisema kwamba kama vile mwili uchokavyo na kuhitaji pumziko, hivyo na roho huchoka, na pumziko lake ni furaha yenye kiasi. Akaeleza habari ya Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walichukizwa walipomwona akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyeshika upinde, apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamwuliza kama angeweza kufanya hivyo pasipo kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Basi hivyo ndivyo moyo wa mtu uvunjikavyo usipolegezwa hata kidogo. Habari hiyo tuliijua kwa kichwa toka ujana wetu. Tulikuja kuijua kwa moyo mwaka ule nyumba yetu ilipokaribia kuvunjika.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tumeweka dola 150 kwa ajili ya karo ya binti yetu mkubwa, aliyekuwa akiingia shule ya sekondari. Nusu ya fedha hizo ilitoka katika cherehani ya mama yake, ambaye hushona nguo za watu mpaka usiku. Ndugu yetu akaja na shida yake, akaahidi kurudisha baada ya wiki mbili. Tukampa fedha zote, wala hatukumwambia mwenzetu. Wiki mbili zikapita, ikapita na ya tatu. Siku ya kulipa karo, mama wa watoto alifungua sanduku akakuta bahasha tupu.

Hakupiga kelele. Laiti angalipiga! Alinyamaza. Siku kumi na mbili bukari ililetwa mezani, maji ya kuoga yaliletwa, salamu ya asubuhi ilitolewa, na zaidi ya hapo hakuna neno. Nasi kwa kiburi tulinyamaza vilevile, tukijiambia kwamba mtu akimsaidia ndugu yake hana kosa. Binti yetu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akaketi uani akitutazama wote wawili.

Usiku wa kumi na tatu, kwa kuwa usingizi haukuja, tulifungua kompyuta peke yetu. Tukachagua sinema ya zamani isiyo na rangi, iitwayo *The Shop Around the Corner*. Ilitengenezwa Marekani na Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin, ikatolewa mwaka 1940, wakati Ulaya ilipokuwa imekwisha kuingia vitani. Hadithi yake ni ya duka moja mjini Budapest, linalouza mikoba na vitu vya ngozi. Humo wamo wafanya kazi wawili, Kralik na Klara, ambao hawapatani hata saa moja. Mchana wagombana, usiku kila mmoja humwandikia barua rafiki wa siri asiyemjua kwa uso, wala hawajui ya kwamba rafiki huyo ni yule yule adui wa dukani.

Tulipofika katikati, tulisikia mlango. Mama wa watoto alikuwa amesimama nyuma yetu, kitenge mabegani. Hakusema neno, lakini aliketi. Tukatazama pamoja jinsi bwana mwenye duka alivyomdhania Kralik ubaya, akamfukuza kazi bure, kisha alipojua kweli akataka kujiua, na kijana mtumishi akamwokoa. Twaona ya kwamba katika sinema hizi za kucheka, kifo mara nyingine husimama karibu na mlango. Mwishoni, usiku wa kuamkia Noeli, Kralik anajifunua kuwa ndiye mwandishi wa barua. Naye Klara, kabla ya kumkubali, anamwomba apandishe suruali, apate kuona kama miguu yake si ya matege. Hapo mama wa watoto alicheka. Nasi tukacheka. Ndicho kicheko cha kwanza katika nyumba ile baada ya siku kumi na tatu.

Hatukupatana usiku huo, tusiwadanganye. Lakini kesho yake, tukiwa shuleni wakati wa mapumziko, tulichukua karatasi tukamwandikia mke wetu barua, jambo tusilolifanya tangu uchumba. Hatukumtaja ndugu yetu wala shida yake. Tuliandika tu kwamba tulitoa fedha za jasho lake kwa siri, na kwamba siri hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasara yenyewe. Tukaiweka chini ya cherehani.

Jioni tulikuta jibu nyuma ya karatasi ile ile: «Barua nimeipata. Umekosea herufi mara mbili, nawe ni mwalimu. Tutauza redio. Siku nyingine niambie kwanza.» Redio iliuzwa, karo ikalipwa kwa mafungu mawili, na binti yetu akarudi darasani. Ndugu yetu alirudisha dola 60. Zilizobaki twazingoja mpaka leo.

Baadaye tulitazama nyingine, *It Happened One Night* ya Frank Capra, ya mwaka 1934. Humo mwandishi wa magazeti anamsindikiza binti wa tajiri aliyetoroka kwao. Usiku wanatundika blanketi kati ya vitanda vyao viwili, wakiliita kuta za Yeriko, wala kuta hizo hazianguki mpaka wamefunga ndoa. Baba wa binti ametangaza zawadi ya dola 10,000, lakini kijana anakwenda kudai dola 39 na senti 60 tu, alizotumia njiani, naye ameziandika moja moja katika karatasi. Mama wa watoto akatugeukia akasema: «Baba, umemwona? Hata senti hakuficha.» Tangu siku hiyo daftari ya fedha zetu hukaa mezani, na kila mmoja huandika humo.

Twajua sinema hizi zina uwongo wao. Nyingi huishia mlango wa arusi, mahali ambapo sisi tulianzia. Hazionyeshi mtoto mwenye homa, wala mshahara uliochelewa, wala wageni wanane wakati wa chakula. Kijana atakayengoja ndoa kama ile ya picha atalia mapema. Tena si zote zafaa. Mzazi aangalie kwanza kabla ya kuwaita watoto, na asikeshe mpaka jogoo awike, akaenda kusinzia kazini.

Lakini zilizo njema zina ukweli mmoja: watu wawili waweza kukaa chumba kimoja pasipo kujuana, mpaka mmoja akubali kuonekana mjinga mbele ya mwenzake. Wazee wetu walisema wagombanao ndio wapatanao. Walisema kweli, ila lazima mmoja aanze.

Basi, Bwana Mwalimu wa hesabu, hilo ndilo jibu letu. Njoo Jumamosi, uje na mama. Viti vipo, na umeme ukipenda, utakuwapo.