Kiganja Kisichotaka Kuachia

Wanaume wengi niliowahi kucheza nao bolingi wana ugonjwa mmoja: wanaamini mpira unatupwa. Mwangalie mtu anavyousogelea mstari. Kifua mbele, meno yamekazwa, mkono umerudi nyuma kama anataka kugusa dari, halafu puu! Mpira unatua kwenye mbao kama gunia la mahindi linaloshushwa kwenye Fuso, unayumba hatua chache na kuishia kwenye mtaro wa pembeni. Kisha anageuka kukutazama, eti mpira ulikuwa mzito.

Mpira si mzito bwana. Kiganja ndicho kimegoma kuachia.

Nina haki ya kusema haya. Uchumba wangu na mume wangu ulianzia kwenye leni za Village Market, pale Gigiri, Nairobi, wakati kila mmoja wetu alikuwa mjini humo kwa kozi fupi na posho yetu ilitosha mchezo mmoja na chipsi sahani moja ya kugawana. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa, yeye ndiyo kwanza anavaa vile viatu vya kukodi. Nilimshinda mara tatu mfululizo, mara ya nne akaniomba namba ya simu. Mengine mnayajua.

Leo yeye yuko Babati, mimi niko Dar es Salaam na jarida hili. Huu ni mwaka wa pili tangu ahamishiwe kikazi mkoani Manyara, ambako ndiko kwao, na nyumba tumepanga Nangara. Tangu barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, safari si ya kutisha tena, lakini ndoa ya kukutana mwisho wa mwezi ina mambo yake. Yeye anataka nihamie. Alikuwa akisema kwa simu, akisema kwa meseji, akisema hata kupitia kwa wifi zangu. "Njoo ukae na mumeo," basi. Na mimi jambo kama hilo silijibu kwa simu.

Nangara hakuna ukumbi wa bolingi. Kuna upepo mtamu wa jioni, kuna majirani wanaokusalimia mpaka wakujue ukoo wako wote, na nyuma ya nyumba yetu kuna sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi. Mwezi wa nne sakafu haina kazi. Tukapanga chupa 10 za maji za lita moja na nusu, mchanga kidogo ndani ili zisipeperuke, kwa umbo lile lile la pembetatu. Leni halisi ina futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, yaani mita 18 na ushee. Yetu ilikuwa hatua zangu tisa. Mpira wetu ulikuwa wa miguu.

Usicheke. Mpira wa miguu ni mwalimu mzuri sana wa kiganja, kwa sababu hauna matundu. Ule wa bolingi una matundu matatu, la dole gumba, la kidole cha kati na la kidole cha pete, na ndiyo maana watu wanaubana. Unapewa kitu kinachoweza kufika kilo 7 na kidogo, umekitumbukizia vidole, lazima uogope kitaanguka. Mpira wa miguu huwezi kuuminya. Unaubeba kwa chini kama unavyobeba bakuli la uji wa moto, kiganja kikiwa nyuma na chini yake, kifundo cha mkono kimenyooka au kimekunjwa kidogo kuelekea ndani. Kifundo kikilegea na kulala nyuma, mpira umeshaondoka na akili zako.

Sasa tuje kwenye tendo lenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo. Mkono unaning'inia kutoka begani kama ndoo kwenye kamba ya kisima, unarudi nyuma wenyewe na kushuka wenyewe. Hausukumi. Ukifika chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, dole gumba linatoka kwanza. Kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, mpira wote unabaki kwenye vidole viwili tu. Halafu navyo vinatoka, vikipanda kwa pembeni, na mkono unaishia mbele yako kama unampa mtu mkono wa salamu. Hiyo tofauti ndogo kati ya dole gumba na vidole viwili ndiyo inayoupa mpira mzunguko. Vikitoka vyote pamoja, mpira unaserereka tu kama sabuni.

Na mzunguko wa nini? Leni imepakwa mafuta, kwa kawaida takriban theluthi mbili za mwanzo. Mpira wako ukiwa unazunguka unateleza kwenye mafuta karibu bila kubadili njia, ukifika pakavu unashika mbao na kukata kona. Kwa anayetumia mkono wa kulia, unakata kushoto na kuingia kati ya pini ya kwanza na ya tatu, na hapo ndipo straiki inapopatikana kirahisi. Ukiipiga pini ya mbele katikati ya paji la uso, unaweza kubaki na pini mbili zilizoachana, moja kule na nyingine kule, kama wachumba waliokosana harusini.

Mume wangu anajua nadharia yote hii. Anaweza kukueleza vizuri kuliko mimi. Lakini dole gumba lake halitoki. Analibana ndani ya tundu mpaka mpira umeshapita mguu, kwa hiyo anaunyanyua hewani. Miezi kadhaa nyuma alikuwa Nairobi kikazi, akacheza usiku kucha na wenzake, akarudi na ganzi upande wa ndani wa dole gumba. Hali hiyo inajulikana kwa madaktari: ule mshipa wa fahamu unaopita pembeni mwa dole unasuguliwa na ukingo wa tundu, na mtu akiendelea kubana unaweza kuvimba na kuweka kinundu. Dawa ya kwanza ni kupumzika. Ya pili ni kupanua tundu. Kuhusu ya tatu, yaani kuacha kubana, mimi mkewe nilikuwa nimeshasema mpaka sauti ikakauka. Unajua tena mwanaume kufundishwa na mkewe mbele ya watu! Nilimtajia hata Jason Belmonte, yule Mwaustralia anayetumia mikono miwili na dole gumba halitumbukizi kabisa, na ana mataji makubwa kuliko mchezaji mwingine yeyote wa kulipwa. Akaniambia basi nikaolewe na Belmonte.

Mama mkwe ndiye aliyetuamua. Alikuwa amekuja kutoka Dareda kututembelea, na Jumamosi ile amekaa barazani anapepeta maharage, anatuangalia tunavyohangaika na chupa zetu. Mwanawe akarusha mara nne. Mara zote mpira ulidunda, ukapita juu ya chupa kama umetumwa dukani.

"Mwanangu," mama akasema, "unakishika hicho kitu kama kimekuibia."

Nikageuza uso nisionekane ninavyocheka.

"Njoo ushike ungo."

Mtu mzima, ofisini anaitwa bosi, akaenda. Akaushika ungo kwa nguvu zake zote, akautikisa, nusu ya maharage chini. Kuku wakafurahi. Mama hakugomba. Akauchukua, akamwonyesha taratibu: mikono imelegea, viwiko karibu na mbavu, kifundo kinapanda ghafla na kusimama. Ungo unasimama, maharage yanaendelea juu, makapi yanaondoka na upepo, na ungo unashuka kuyapokea. "Ukibana, yanamwagika yote," akasema. "Yaachie. Yanajua njia ya kurudi." Akamrudishia. Walipepeta pale karibu nusu saa, mama na mwana, wakichanganya Kiswahili na lugha yao ya nyumbani ambayo mimi naipata nusunusu. Nilijua nyingine hazihusu maharage, maana jina langu lilisikika mara mbili.

Aliporudi kwenye sakafu hakusema kitu. Akauchukua mpira, akaubeba chini ya kiganja, akapiga hatua nne na mkono ukashuka wenyewe. Safari hii haukudunda. Ulibingirika ukizunguka, ukaanza kulia, ukajikata kidogo kuelekea kushoto. Chupa nane.

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikaenda kuzipanga upya, naye akaja kunisaidia, na tukiwa tumechuchumaa pale kila mtu na chupa mkononi akaniuliza, "Mkataba wako unaisha lini?"

Mpenzi msomaji, kwa miaka miwili sikuwahi kuulizwa hilo. Nilikuwa nimeambiwa niache kazi, nimeambiwa Babati kuna fursa, nimeambiwa wake za wenzake wote wamehamia. Swali sikuwahi kuulizwa. Nikamwambia mwezi wa sita. Nikamweleza pia kitu ambacho kwenye simu hakikuwa na nafasi: kwamba kazi nyingine za uhariri naweza kuzifanyia popote penye intaneti, lakini kazi yenyewe ya jarida siwezi, na kwamba naipenda. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa mwezi wa sita tukae tuangalie, yako na yangu." Mpaka siku hiyo, "yangu" haikuwahi kuwa mezani.

Bado hatujaamua. Mwenzangu mmoja hapa ofisini anasema nimeshaanza kuhama, ndiyo maana nasifia upepo wa Nangara gazetini. Aseme.

Wewe unayetaka kujaribu wikiendi hii na mwenzio, nakupa mawili ya haraka. Chagua mpira ambao dole gumba linaingia na kutoka bila kukwaruza. Kama unalazimika kulikunja ndani ya tundu ili mpira usidondoke, huo si wako. Na kabla ya kurusha, bembeza mkono mtupu mara tatu huku vidole vimelegea kabisa. Mume asimame kando, si nyuma yako akikurekebisha bega.

Juzi usiku nimetumiwa picha. Sakafu ile ile, taa ya nje imewashwa, chupa tisa zimelala na moja imesimama kwenye kona ya nyuma upande wa kulia. Chini ameandika: "Hii ya pembeni inapigwaje?"

Nikamjibu asimame kushoto kabisa, aukatishe mpira kwa mshazari, na safari hii kiganja kikae nyuma ya mpira moja kwa moja bila kuzungusha, mkono uishie juu umenyooka. Au amuulize mama.

"Mama amerudi Dareda," akaandika. "Ungo ameniachia."