Robo Saa ya Mtu ni Haki Yake



Mtaani kwetu pana kikundi cha akina mama washonaji. Hushona mabuibui, kanzu za watoto wa madrasa na mapazia ya nyumba za harusi, na kila mmoja hulipwa kwa saa alizofanya kazi. Mimi nilikabidhiwa hesabu kwa kuwa nilisomea kompyuta, na hifadhidata inayotunza saa hizo niliiunda mwenyewe. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolieleza ni langu.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi, baada ya malipo, alinijia mama mtu mzima ambaye ndiye wa zamani kuliko sote kikundini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi mkekani, akafungua kijitambaa kilichokuwa na kokwa za tende. Zilikuwa kokwa 24, moja kwa kila siku aliyokwenda kazini mwezi ule.

"Mimi huingia saa mbili kamili asubuhi," akaanza, "na hutoka saa tisa kasorobo. Hizo ni saa saba kasorobo, na sala ya adhuhuri tulikubaliana isikatwe. Au sivyo?"

"Ndivyo, mama."

Akazipanga kokwa nne nne. "Siku nne ni saa ishirini na nane, ukitoa kasorobo nne, ambazo ni saa moja. Zabaki ishirini na saba. Nina mafungu sita hapa. Hesabu."

Nilihesabu: saa 162. Kwa shilingi 100 kila saa, ujira wake ulikuwa shilingi 16,200. Nami nilikuwa nimempa 15,480.

"Siku yangu moja imekwenda wapi, mwanangu?"

Naona haya kusema kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa kuitetea kompyuta. Nilimwambia kwa adabu kuwa mashine haikosei, na kwamba huenda siku fulani aliondoka mapema. Hakubishana nami. Alizifunga kokwa zake, akasema, "Tazama tena," akaenda zake.

Usiku ule, baada ya isha, nilitazama tena. Katika jedwali langu, kila siku ya mama yule iliandikwa 6.45. Mimi niliyeandika nilikusudia saa 6 na dakika 45. Lakini safu ile niliifanya safu ya namba za desimali, na kwa namba za desimali 6.45 ni saa 6 na sehemu 45 katika 100 za saa. Saa ina dakika 60, si 100. Sehemu 45 katika 100 za saa ni dakika 27 tu. Kila siku nilimpunguzia dakika 18. Kwa siku 24 zikawa dakika 432, yaani saa 7 na dakika 12. Alikuwa ameuliza sawasawa: siku yake nzima ya kazi ilikuwa imepotea, na zaidi ya siku.

Lililonishtua zaidi ni kuona kosa hili linaelekea upande mmoja tu. Nusu saa ikiandikwa .30 huhesabiwa dakika 18. Robo saa ikiandikwa.15 huwa dakika 9. Dakika 50 huwa 30. Madhali dakika zaandikwa kwa tarakimu mbili baada ya nukta, mfanyakazi hupunjwa daima, wala hazidishiwi hata siku moja. Nilikaa nikaikumbuka Surat al-Mutaffifin na onyo lake kwa wanaopunguza vipimo. Siku zote nilidhani aya zile zawahusu wenye mizani sokoni. Sikuwahi kufikiri kwamba safu ya jedwali nayo ni mizani.

Asili ya mkanganyiko huu ni ya kale. Kugawa kwa sitini kulitumika Babeli ya kale, na faida yake ni kuwa 60 hugawika sawasawa kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Ndiyo maana nusu, robo na theluthi ya saa zote ni dakika kamili. Wanajimu wa Kiislamu waliendelea kuutumia mtindo huo kwa karne nyingi. Al-Kashi, aliyefanya kazi Samarkand katika zama za Ulugh Beg, alikamilisha mwaka 1427 kitabu chake cha hesabu, Miftah al-Hisab, akafundisha humo sehemu za sitini na sehemu za desimali, kila moja kwa kanuni yake. Mimi, karibu miaka 600 baada yake, nilizichanganya mbili hizo katika safu moja.

Marekebisho yalikuwa mepesi, ila yalikuwa na mitego yake, na naieleza kwa manufaa ya dada zangu wanaoshika hesabu za vikundi, madrasa na maduka.

Kwanza, niliacha kuandika muda kwa nukta. Sasa huandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, na hifadhidata hutoa tofauti yake kwa dakika kamili: 405 kwa siku ya mama yule. Dakika kamili haina nukta ya kutatanisha.

Pili, nilipogawa 405 kwa 60 ili nipate saa, jibu lilikuja 6. Nilidhani macho yananidanganya. Kumbe hifadhidata niitumiayo, PostgreSQL, ikigawa namba kamili kwa namba kamili, hutoa namba kamili na kulitupa baki. Dakika 45 zingepotea zote, dhuluma mbaya kuliko ile ya kwanza. Nilipogawa kwa 60.0 ilinipa 6.75, ambayo ni sahihi. MySQL, kwa alama ileile ya kugawa, ingenipa 6.75 tangu mwanzo. Basi usiamini kwamba hifadhidata zote zagawa namna moja. Ijaribu yako kwa mfano ambao jibu lake walijua.

Tatu, jumlisha kwanza, ugawe mwisho. Dakika 20 ni theluthi ya saa, na theluthi haiishi katika desimali: ni 0.333 na kuendelea. Ukiikata ikawa 0.33 kila siku, kwa siku 24 utapata saa 7.92, ilhali dakika 20 mara 24 ni dakika 480, saa 8 kamili. Mkato mdogo ukirudiwa huzaa upungufu mkubwa.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya senti tu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mtambo wa makombora ya Patriot uliokuwa ukiilinda Dhahran, nchini Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Kimarekani wakauawa. Saa ya mtambo ule ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Sehemu ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika namba za kompyuta, kama vile theluthi isivyoandikika katika zetu, hivyo ilikatwa. Baada ya mtambo kuwa kazini saa 100 hivi bila kuzimwa, upungufu ulifikia takriban theluthi moja ya sekunde, na kombora liendalo kasi huwa limekwenda mbali kwa muda huo.

Lipo na jambo la miezi, ambalo latugusa wanawake zaidi. Ukiiuliza PostgreSQL nusu mwezi ni muda gani, itakujibu siku 15, kwani hapo huuchukua mwezi kuwa siku 30. Ukiiambia iongeze mwezi 1 juu ya tarehe 31 Januari 2024, itakupa 29 Februari. Na ukiiambia iongeze miezi 4 na siku 10 kuanzia tarehe 1 Machi 2024, itakupeleka hadi 11 Julai, siku 132 mbele. Lakini eda ya mjane asiye na mimba ni miezi 4 na siku 10 kwa mwezi wa mwandamo, na miezi minne ya mwandamo haizidi siku 120. Kompyuta haijui kwamba mwezi wetu ni wa siku 29 au 30. Huhesabu kwa kalenda iliyofundishwa. Mambo ya eda na ya mwaka wa zaka yapelekwe kwa masheikh, wala yasiachiwe programu.

Nirudi kwa wenzangu. Asubuhi yake nilikwenda nyumbani kwa yule mama kabla ya kwenda kwa kamati. Nilimwomba radhi kwa upungufu wa hesabu, na zaidi kwa kumdhania kwamba aliondoka mapema. Akacheka kidogo. "Kompyuta umeifundisha wewe," akasema. "Mimi nilifundishwa na marehemu mamangu."

Kamati iliamua tuhesabu upya miezi yote 9 tangu tulipoiacha karatasi. Bahati njema, daftari la mahudhurio halikutupwa. Washonaji 14 walirudishiwa walichopunjwa, na fedha zilitoka katika akiba ya kikundi, nami nikachangia posho yangu ya miezi miwili.

Mmoja katika hao 14 alikuwa amefariki. Haki yake haikufika shilingi 1,000. Mwenzetu mmoja alisema tuitoe sadaka kwa jina lake, lakini tulielekezwa kwamba deni la marehemu ni mali ya warithi, na si letu kulitoa sadaka. Nilikipeleka kibahasha mwenyewe. Binti yake alizihesabu fedha, akaniuliza ni za nini. Nikamwambia, "Ni robo saa za mamako, mwanangu." Aliziweka mezani, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia kuwa mamake alikuwa akirudi nyumbani na kulalamika kwamba hesabu haimtimii, nao wakimwambia kuwa amezeeka.

Tangu siku hiyo, kila mwisho wa mwezi, kabla sijalipa mtu, humchagua mshonaji mmoja nikaihesabu kazi yake kwa mkono, nne nne, kama nilivyofundishwa mkekani. Mwenyezi Mungu atusamehe tulichopunguza bila kujua, na atujaalie kusikiliza tunapoambiwa tutazame tena. Amin.