Dereva wa Gari Jeusi

Kwetu Kikwajuni, chini ya majumba ya ghorofa tuliyojengewa na Wajerumani Mashariki, David Hasselhoff hatukumjua kwa jina. Alikuwa Maiko tu, dereva wa gari jeusi linalosema. Kanda za Knight Rider zilitufikia zikiwa zimeshapita mikono mingi hata picha zinatetemeka, nasi tukajibana sakafuni kwa jirani mwenye deki. Baada ya hapo kila mtoto mtaani akawa anauleta mkono mdomoni kuzungumza na saa, na wengi wetu saa zenyewe tulizichora kwa kalamu.

Kaka yangu wakati huo alikuwa akisoma Dresden. Mwanzoni mwa 1990 ikaja barua yake. Humo akasimulia habari za ukuta wa Berlin, na za Mmarekani mmoja aliyepandishwa juu kwa kreni mkesha wa mwaka mpya, koti lake la ngozi likimetameta taa, akauimbia umati uliojazana ukutani. Ndani ya bahasha alitia picha aliyoikata gazetini. Nikaikimbiza barazani.

"Huyu si Maiko?"

Wakacheka. Maiko aimbe nini? Mmoja akasema labda linaloimba ni gari.

Kaka aliporudi, nikamwuliza habari za lile gari.

"Gari gani?"

Kumbe mawimbi ya televisheni ya Ujerumani Magharibi hayakuwa yakifika Dresden. Wajerumani wenyewe walikutania kuwa ni bonde la wasio na habari. Yeye alimjua mtu huyu kwa sauti, kwenye kaseti ya kunakili. Mimi nilimjua kwa sura.

Kaseti hiyo alikuja nayo. Looking for Freedom, kisa cha mtoto wa tajiri anayeihama nyumba ya baba yake. Wimbo wenyewe haukuwa mpya, kwani Marc Seaberg aliutoa tangu 1978. Hasselhoff akaurudia, na mwaka 1989 ukakaa namba moja Ujerumani Magharibi kwa wiki nane. Kwao Marekani hata haukuvuma. Hakuwa mgeni wa hali hiyo: albamu yake ya kwanza, Night Rocker ya 1985, ilipata wapenzi wake Austria. Wapo wanaomdhihaki eti anadhani ukuta aliubomoa yeye. Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba, naye alipanda kreni Desemba 31. Sauti yake, niseme kweli, ni ya kawaida. Mwimbaji yeyote wa taarabu angemwacha mbali. Lakini kaka alikuwa akiusikiliza wimbo ule amefumba macho, na sikuthubutu kucheka.

Baadaye ikaja Baywatch na kaptura zake nyekundu, ikamfanya maarufu kuliko vyote hivyo. Mimi haikunishika.

Jioni moja niliazima kanda ya Knight Rider, tukakaa wawili kuitazama. Gari likawaka, likasema, likaruka lori. Kaka alitulia tuli, mikono kifuani. Mwisho akanigeukia:

"Sasa ataimba saa ngapi?"