Dele Chini ya Ukuta wa Beit al-Sahel

Sehemu ya Beit al-Ajaib, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilipoporomoka Desemba 2020, mjukuu wangu alinionesha picha kwenye simu, kisha akaniuliza juu ya jengo la jirani yake: "Babu, na hili jeupe ni ofisi ya nani?" Alikuwa kidato cha tatu, skuli yake hapa hapa Mjini, na Beit al-Sahel haijui!

Masultani wameishi katika jumba hilo. Sultani Seyyid Said ndiye aliyelianza. Mwaka wenyewe vitabu havipatani, nami sigombani navyo. Hili la leo lilijengwa upya baada ya kubomolewa na mizinga ya Waingereza Agosti 1896. Sisi watoto wa mtaa wa Malindi hayo hatukuwa na habari nayo. Tulichokijua ni ukuta, na mzee wa kahawa aliyekaa chini yake.

Dele lake la shaba lilikuwa na kiraka ubavuni, na mkono wake wa kulia ulicheza na vikombe, kwa kwa kwa, hata alipokuwa anazungumza. Kaskazi ikivuma, harufu ya karafuu ilitoka maghala ya bandarini ikaja kukutana na tangawizi ya kahawa yake. Watumishi wa jumba walitoka kunywa pale alasiri. Wasipoonekana, mzee alijua ndani kuna wageni, na barza nzima ikajua. Siku aliyokufa Sultani Khalifa, Oktoba 1960, mzee alivilaza vikombe kifudifudi, hakuuza.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba likaitwa jumba la wananchi, zikaingia ofisi. Mwaka 1994 likawa makumbusho. Nilipoingia nilisimama sana mbele ya kabati la formaika la Sultani, sawa na makabati ya mabwana wa mjini wa miaka ya hamsini. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 akaishia Ujerumani, alipewa chumba chake, na anakistahiki.

Kinachoniudhi ni kwamba waliopika, waliofua kanzu na waliofungua milango ile hawakupewa hata ukuta mmoja. Wageni walikuwa wakipitishwa mbio, kiti hiki, kitanda kile, huku watoto wetu wako bustani ya Forodhani hapo jirani tu, wanakula urojo. Na waliotumikia enzi za Khalifa wamebaki wa kuhesabika, baadhi yao masikio yameshakuwa mazito. Wafuatwe majumbani mwao na kinasa sauti, mwaka huu huu.