Lipu au matofali ya baba?

Nyumba ya Kibosho ilipoezekwa, mabishano yakabaki kwenye kuta za nje. Kijana anayefanya kazi Dar es Salaam alitaka lipu na rangi nyeupe kabla ya Desemba, ili ukoo ukipanda kijijini ukute nyumba inang'aa. Mama yake alikataa, wala hakusema sababu.

Akaitwa fundi kutoka Moshi mjini. Alimwagia ukuta maji, akatazama yanavyonywewa. Akaeleza kuwa miteremko hii ya kusini hupata mvua nyingi, hasa masika, Machi hadi Mei. Tofali lililoiva vizuri huvumilia, mradi maungio yajazwe saruji. Lisiloiva hunywa maji na kumomonyoka. Na rangi nyeupe ikishuka hadi chini, matope mekundu huichafua mapema.

"Mama, unaogopa gharama? Pesa ipo," kijana akasema.

"Mwanangu, umesahau nani aliyafyatua? Marehemu baba yako alichoma tanuru pale penye migomba. Mungu akamchukua kabla hajajenga. Ukipiga lipu, kazi yake nitaiona wapi?"

Kijana akanyamaza. Miezi yote hiyo alikuwa akituma pesa bila kuuliza.

Wakakubaliana: ukuta wa nyuma unaopigwa na mvua upigwe lipu, chini kuzunguka nyumba uvishwe mawe, na mbele, chini ya baraza, matofali yabaki wazi.

Desemba wajukuu walifika. Mmoja akagusa tofali lenye alama ya vidole, akauliza ni vya nani. Bibi akavuta kigoda, akaanza kusimulia.